Fundi wa Kondele aliyefufua gari langu baada ya kupigwa na radi

Mwezi wa Aprili, tukishuka kutoka Kakamega kuelekea Kisumu, radi ililipiga gari letu karibu na Chavakali. Vioo vilikuwa vimefungwa, na zaidi ya masikio kuvuma kwa muda, mimi na mke wangu hatukupata hata mkwaruzo. Gari ndilo lililozimika papo hapo, taa za dashibodi zikafa zote, na tairi moja la nyuma likaisha upepo tukiwa bado tunatazamana.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilibadilisha betri na fyuzi tatu, na gari likatembea siku mbili tu. Ndipo nikalivuta hadi kwa fundi mmoja wa umeme wa magari pale Kondele, Kisumu, mwenye kibanda cha mabati na mashine ya kusomea hitilafu.

Kabla ya kuchomeka waya wowote, alilizunguka gari akifuata njia iliyopitwa na radi: ncha ya antena iliyoyeyuka ikawa kijidonge, alama nyeusi isiyozidi kichwa cha kiberiti juu ya paa, kisha rimu ya nyuma, ambapo umeme uliruka kwenda kwenye lami. Alinieleza kwamba mkondo huo hupita hata ndani ya beringi za magurudumu na kuziachia vidoa, hivyo beringi inaweza kuanza kunguruma baada ya wiki kadhaa. Alizikagua zote nne, akaitoa moja na kuniwekea kiganjani nivipapase vidoa hivyo kwa ukucha. Kompyuta ya injini na altaneta, ile inayochaji betri, zilikuwa zimeungua.

Jambo moja tu alikosea. "Mwalimu, mpira wa matairi ndio uliowaokoa," aliniambia, nami sikubishana na mtu aliyeshika koleo. Umeme uliokwisha kupasua kilomita kadhaa za hewa hauwezi kuzuiwa na sentimita chache za mpira. Kilichotuokoa ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha mkondo upande wa nje hadi ardhini, kama mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia chuma. Ndiyo maana abiria wa bodaboda, au wa tuktuk ya turubai, hana kinga hiyo ingawa naye amebebwa na matairi ya mpira.

Nililipa shilingi 58,000, vipuri na kazi pamoja, bei ambayo naiona ya haki. Kusubiri siku kumi na moja kompyuta itoke Nairobi kulinichosha, na nililazimika kurudi mara mbili kudai stakabadhi yenye orodha ya vipuri kwa ajili ya bima, kwa kuwa ya kwanza iliandikwa "kazi ya radi" na jumla ya pesa, basi. Kompyuta alinipa dhamana ya miezi mitatu. Nyaya alikataa kuzidhamini, akisema waya ulioungulia ndani ya ganda lake hujitokeza kwa wakati wake. Wiki iliyopita taa ya breki ya kulia ilizimika, na Jumamosi nitamrudia.