Tua ya basi ya mauaji ya Manson, Los Angeles: uzoefu wangu

Nimepanda hii tua (ziara ya basi kwenye sehemu zinazohusu Charles Manson, kiongozi wa kundi lililofanya mauaji hapa 1969) wiki iliyopita, kampuni siitaji maana nina manung'uniko nayo kidogo, ila nyie wa California mnaopenda stori za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, najua mtauliza kama hela inalipa. Jamaa anayeongoza anajua kuongea, shida yake hatenganishi kilichopo kwenye rekodi na anachokihisi yeye.

Cielo Drive usitegemee kitu, nyumba alipouawa mwigizaji Sharon Tate na wenzake wanne Agosti 1969 ilibomolewa 1994, unaangalia geti na miti basi. Utamu ulianza kwenye foleni, jamaa kashika maiki, Manson katoka jela 1967 kaenda San Francisco, Haight-Ashbury, mtaa wa mahipi, yeye na wasichana waliomfuata wanatibiwa kliniki ya bure pale, na mtaa huohuo mwaka huohuo daktari wa akili Louis Jolyon West kapanga nyumba anawachunguza mahipi. West alikuwa mtu wa MKUltra, mradi wa CIA wa kuchezea akili za watu kwa LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, na mengine, na 1962 yeye na wenzake walimpiga tembo sindano ya LSD kule Oklahoma City akafa (basi zima kimya, mimi nikacheka sijui kwa nini). Jamaa akahitimisha West ndo alimpika Manson. Nikamuuliza nani aliwaona pamoja, eti mafaili yaliharibiwa. Kweli Richard Helms, mkuu wa CIA, aliagiza ya MKUltra yaharibiwe 1973, lakini faili kupotea haimaanishi Manson alikuwemo bana. Mbona operesheni CHAOS, CIA kuwapeleleza vijana waliopinga vita ya Vietnam, ilianikwa na New York Times Desemba 1974, kama Manson angekuwa mtu wao si naye angeanikwa hapo?

Kilichonikaa mimi alikipitia mbiombio. Agosti 16, wiki moja tu baada ya mauaji, polisi wanavamia Spahn Ranch, shamba alikokaa na kundi lake, wanamkamata Manson na kundi lake kwa wizi wa magari, siku chache wako nje, maelezo ni kwamba hati ya upekuzi ilikosewa tarehe. Mtu yuko parole, katoka jela kwa masharti, jamani! Uzembe upo popote duniani, sawa, ila hapo ndo nilitaka tukae hata nusu saa, yeye kashahamia kwa Jack Ruby, yule aliyemuua mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy.

Spahn Ranch yenyewe hawakupeleki, eti mbali. Nawapa nyota tatu, na ukienda wahi siti za mbele, spika ya nyuma inakoroma husikii nusu ya maneno.