Ngoma Mtwara: uwanjani au kijijini?

Anayetaka kuona ngoma za Kusini ana njia mbili: tamasha la MaKuYa mjini Mtwara, au sherehe za jando na unyago vijijini, upande wa Newala na Tandahimba.

MaKuYa, yaani Makonde, Makua na Yao, hukuwekea mengi pamoja. Ratiba inajulikana, vikundi hupokezana, picha unapiga. Kwa mgeni mwenye siku chache, au mwenye watoto, sioni pa kubishana: aende huko. Ila kila kikundi kina muda wake, na ngoma hukatwa ndipo inapoanza kuchemka.

Kijijini hakuna wa kukata. Wali, yaani vijana waliokuwa jandoni au unyagoni, wanapotoka, kwa kawaida kiangazi baada ya mavuno, ngoma hukesha. Wapigaji huzisogeza ngoma kwenye moto wa majani makavu ili ngozi ikaze, kisha sindimba inaingia na viuno vinajibu. Midimu, yaani wachezaji wa vinyago, nao hutokea wamefunika nyuso. Mwingine, mwanamume, amevaa kiwiliwili cha mbao chenye matiti na tumbo la mjamzito. Kinyago kilekile ukikiona kimetundikwa dukani utadhani ni pambo tu.

Shida ni kwamba huku hakuna tiketi. Nenda na mwenyeji, wasalimie wazee kwanza, toa chochote cha kutunza wachezaji, na simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Mambo ya ndani ya jando na unyago si ya mpita njia, usiyachungulie. Mimi, nikiwa na muda, napanda Newala.