TAHADHARI: Nimeuziwa kalipa za gari langu mwenyewe, zimepigwa rangi

Ndugu zangu wenye IST, Raum na Vitz, hasa mnaotengenezea magari huku Tegeta, someni hii kabla hamjatoa hela. Kalipa ni kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi za breki kwenye diski ya tairi.

Jumamosi ya wiki juzi nilikuwa natoka Bagamoyo. Kufika Bunju gari likaanza kuvuta kushoto, likawa zito kama nimesahau hendibreki, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikashuka kuangalia. Rimu ya mbele kushoto haisogeleki kwa moto, ya kulia vuguvugu tu. Nikajikongoja hadi gereji moja ya kando ya barabara. (Msifanye hivyo. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama mpaka chini na breki huna.)

Jamaa akapiga jeki, akajaribu kuzungusha tairi, likagoma. Hapo hapo: "Bosi, kalipa zimekufa, pistoni zimeshika kutu. Na hizi zinabadilishwa zote mbili." Akasema anazo used za Japani, 90,000 kila moja. Nikaambiwa nikanywe chai kwa mama ntilie wakati kijana anafuata mzigo. Niliporudi zilikuwa zimeshafungwa, zinang'aa rangi ya fedha, tairi linazunguka kwa kidole. Nikauliza za zamani ziko wapi, wakasema mtu wa chuma chakavu ameshapita. Nikalipa 180,000 ya kalipa na 30,000 ya ufundi.

Jumatatu asubuhi, foleni ya Mwenge, harufu ile ile.

Nikampelekea mzee mmoja fundi. Akaweka jiwe nyuma ya tairi, akainua mbele, akaniambia nikanyage breki niachie. Tairi likabana. Akalegeza nati ya kutolea upepo pale kwenye kalipa (hewa ikiingia kwenye mafuta ya breki hutolewa hapo), mafuta yakaruka, tairi likaachia papo hapo. Akaniambia, mwanangu, pistoni ikishika kutu au pini ambazo kalipa inateleza juu yake zikikauka, hata ukifungua hii nati tairi linabaki limebana. Likiachia, kuna presha imenaswa. Akaifunga, nikakanyaga tena, safari hii akalegeza juu, pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki, lile bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Tairi halikuachia. Aliporudi kulegeza nati ya chini, likaachia. Kwa hiyo presha ilinasia ndani ya mpira. Aliuchana kwa kisu mbele yangu: nje mzima kabisa, ndani umevimba, tundu limebaki la kupita sindano. Mguu unasukuma mafuta kwa nguvu yanapita, ukiachia hayarudi.

Na ndiyo maana wale jamaa walinionyesha tairi linazunguka. Ukifungua tu bomba ili utoe kalipa, presha yote inatoka. Unalipa unaondoka, ukikanyaga breki mara kadhaa tatizo limerudi.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mwaka jana kalipa yangu ya kushoto iligongwa na tindo wakati wa kutoa pini, ikabaki na pengo dogo sikioni, na picha yake ninayo kwenye simu. Mzee alipokwangua ile rangi ya fedha kwa bisibisi, pengo lilikuwa pale pale, na chini ya rangi kutu yangu ya siku zote. Hawakubadilisha chochote. Walipuliza rangi nikiwa nakunywa chai.

Mipira miwili mipya ya mbele, mafuta ya breki aina ya DOT 3 na kutoa upepo, jumla 85,000. Sasa nikitoka safari nashika rimu zote mbili, joto ni sawa.

Kwa hiyo, mtu akikwambia kalipa imekufa, mwambie afungue nati ya upepo wewe ukiangalia. Piga picha kalipa zako kabla hazijafunguliwa, zikwaruze alama yako kwa ndani. Usiondoke kwenye gari, chai utakunywa nyumbani. Kitu cha zamani ni mali yako, kiwekwe kwenye buti kabla hujalipa.

Nilirudi kwao na picha na ule mpira uliochanwa. Wakanizungusha, hela sijaiona. Kama mwezi huu umefungiwa kalipa za rangi ya fedha maeneo hayo, kwangua kidogo kwa ufunguo uone kilicho chini.