Jahazi hadi Kiwayu na watoto watano: uzoefu wangu

Agosti, shule zilipofunga, sisi na jirani zetu wa Mombasa tulikodi jahazi huko Lamu hadi kisiwa cha Kiwayu kwa usiku tatu. Watu wazima wanne, watoto watano, mdogo wao binti yangu wa miaka sita. Tulilipa shilingi 120,000 pamoja na chakula na maji ya kunywa, nusu kwa M-Pesa, nusu mkononi tulipofika Shela. Wengi wameniuliza kama safari hii inafaa kwa watoto. Inafaa sana, na mimi nitarudi. Lakini kuna mambo mawili ambayo laiti ningeyajua kabla ya kutuma ile nusu ya kwanza.

La kwanza ni maji. Wakala aliyetuuzia safari alituandikia ratiba: kuondoka saa nne asubuhi, chakula cha mchana Pate. Nahodha, mzee wa Kiamu, alipoisikia aliniambia, "Mwanangu, Mkanda haungoji saa ya mtu." Mkanda ni ule mkondo mwembamba wa mikoko baina ya kisiwa cha Manda na bara, na chombo kikubwa huupita maji yakijaa tu. Yeye alitaka tung'oe nanga alfajiri, na sisi hatukuwa tumeambiwa. Alfajiri hiyo watoto walikuwa wamelala fofofo hotelini. Tukaingia Mkanda maji yanakupwa. Saa tano na robo jahazi likagusa tope, likasimama, kisha polepole likalala ubavu hadi sufuria ya chai ikaanza kuteleza.

Tulikaa pale saa nne. Nilikasirika, sikatai. Mabaharia hawakulalamika hata mara moja. Waliwasha jiko la makaa, wakapika wali wa nazi, na mmoja wao akashuka na watoto hadi kwenye mikoko. Akawaonyesha chaza walioganda kwenye mizizi kama saruji, na kaa wadogo wanaopanda mti kila unapowasogelea. Binti yangu alirudi na tope hadi mapajani, na mpaka leo akisimulia safari anaanzia hapo.

Maji yalipojaa tukaponyoka. Wakatweka tanga, mtambo ukazimwa, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likatushika kwa nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa nimelipia nini. Hakuna mngurumo, ila maji yanachapa ubao na foromali, ule mti unaobeba tanga, inalia juu ya mlingoti. Tulilala karibu na Mtangawanda, kisiwani Pate. Siku ya pili tulisimama Siyu, tukaiona ngome ya karne ya 19, mume wangu akanunua makubadhi ya ngozi kwa fundi mwenyewe, na jioni tukawa Kiwayu. Mchanga mtupu, samaki wa kuchoma, nyota. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, nayo haikuwemo katika ile bei.

Kurudi ni habari nyingine. Kusi lililotupeleka ndilo lililotukabili. Tulijaribu kubisha, yaani kuupanda upepo kwa mshazari, huku na huku, mawimbi yakitumwagikia, watoto wawili wakatapika, mwishowe nahodha akashusha tanga na kuwasha mtambo. Ukienda wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: kwenda ndiko kugumu, kurudi ni mteremko. Muulize nahodha, hesabu siku zako.

Jambo la pili ndilo lililoniuma. Tuliahidiwa majaketi ya kuokoa maisha ya saizi ya watoto. Tulikuta ya watu wazima tu. Nilipomvalisha binti yangu na kumnyanyua kwa mabega ya jaketi, lilipita kichwani likabaki mikononi mwangu. Wakala alipopigiwa simu hakushika. Nahodha akamtuma kijana aazime kwenye vyombo vya jamaa zake, yakapatikana manne, yakawatosha watoto wakubwa. Mdogo hakupata. Nilipaswa kukataa kuondoka, na nasema hivi ili mzazi mwingine akatae. Siku zote nne alikaa tezini, nyuma ya chombo, kati ya magoti ya yule mzee, mkono mmoja wa mzee kwenye usukani na mwingine kiunoni mwake. Akitaka kusimama tu husikia, "Keti tini, mwanangu," naye anaketi. Mimi mamake hanisikii hivyo.

Choo ni kijumba cha mbao huko nyuma, kisafi, ila watoto wadogo wasindikizwe. Kofia na nguo za mikono mirefu ni lazima.

Mabaharia nawapa nyota tano. Wakala simpi hata moja. Mwaka ujao tutazungumza na nahodha mwenyewe, namba yake tunayo, na tarehe atachagua yeye kwa kuangalia bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Jaketi la saizi ya binti yangu nimeshanunua, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake.