TAHADHARI: Fundi aliyezinyofoa kompyuta za watoto wetu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati na kumdhamini fundi huyu. Kompyuta 14 za msaada, tulizompa azitengeneze kabla ya kuzipeleka kwa watoto wa kisiwa cha Ukerewe, zimenyofolewa vifaa mikononi mwake hapa Mwanza.

Siku ya kwanza aliifungua mashine moja mbele yangu, akasafisha feni kwa brashi, kisha akanieleza kwamba saa yake hurudi nyuma kila inapochomolewa kwenye umeme kwa kuwa betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Aliibadilisha, na saa ikatulia. Akaongeza kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine zetu za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo ni afadhali atuwekee Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta ambao haudai leseni ya kulipia. Yote hayo yalikuwa kweli. Ningemshukuje mtu aliyeijua kazi yake kiasi hicho? Nilimlipa shilingi 840,000 zote kwa simu, yaani 60,000 kwa kila mashine, bila risiti.

Aliniita kuzichukua dakika za mwisho, akijua fika kwamba mzigo unasubiriwa bandarini. Aliwasha tatu za mstari wa mbele, moja baada ya nyingine, zikawaka vizuri kabisa. Nilipoishika ya nne akaniambia kwa upole, "Mwalimu, meli itakuacha," nami nikauondoa mkono. Naukumbuka mkono huo kila usiku.

Nansio, mji wa Ukerewe, tulizipanga mezani watoto wakiwa wamejaa mlangoni. Zile tatu ziliwaka. Sita hazikuwa na diski kabisa, yaani kifaa kinachohifadhi programu na mafaili, na tano zilizoondoka na RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi) ya GB 8 zilirudi na GB 2, zikawa nzito kiasi kwamba mtoto anabonyeza na kusubiri mpaka anakata tamaa. Msichana mmoja aliniuliza kama yake imelala.

Mtu anayethubutu kuchomoa diski katika kompyuta ya mtoto asiye na kitu, akaiuza, hastahili kuonewa haya. Nimekwishatoa taarifa polisi, na ndiyo sababu silitaji jina lake hapa. Mwenye kazi ya namna hii aniulize kwanza, nitamwambia. Dalili zilikuwepo, nami nilizipuuza: alikataa tuorodheshe namba za mashine na ukubwa wa diski kabla ya kazi, hakupenda nikae kibandani, na makasha kadhaa yalirudi bila skrubu. Washeni kila moja, hata meli ikiondoka.

Afikishwe mahakamani, afungwe, na kibanda chake kifungwe. Lakini kabla ya yote hayo azirudishe diski sita na RAM alizochukua, kwa sababu makasha ya kompyuta hizo bado yako mezani Nansio.