Ngome ya Patiko: mandhari safi, historia chungu

Patiko iko kama kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wafanyabiashara ya watumwa walikuwa na kambi hapa. Mwaka 1872 mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker akawatimua baada ya mapigano ya Agosti, akaifanya ngome yake. Kinachobaki ni handaki lililoizunguka, maghala ya nafaka ya mawe yenye milango midogo (ukiingia, inama), na majabali.

Majabali ndiyo hasa ya kufuata. Mwongoza watalii atakuonyesha alama kwenye mwamba, akisema ni za mashoka yaliyoua mateka ambao wafanyabiashara hawakuwataka. Ukiinua macho, uwanda wa Acholi umetandaza kijani hadi upeo. Inauma kuona uzuri huo pale pale.

Barabara ni ya vumbi. Mvua ikinyesha, bodaboda huteleza na mwamba nao huwa kama sabuni, kwa hiyo nenda asubuhi ya kiangazi, na viatu vya soli ya mpira, kandambili hapana. Patana na bodaboda nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka mjini, la sivyo utarudi kwa bei yake. Beba maji. Kivuli ni haba.