Kibanda cha muvi Chikongola: nilimfuata Margaret Rutherford

Vibanda vingi vya kurusha muvi hapa Mtwara ni mapanga na mabomu tu. Hiki cha Chikongola, jamani, kina Margaret Rutherford! Bibi mwigizaji wa Kiingereza, kidevu mikunjo mitatu, joho linapepea kama tanga la dau, midomo inatafuna hewa kabla neno halijatoka. Hapo mbavu sina.

Jukwaani alianza rasmi 1925, ana miaka 33 tayari. Mwaka 1941 akacheza Madame Arcati, mpandisha mizimu, London. 1945 akamrudia kwenye filamu. Mimi nilizifuata zile nne za Miss Marple, bibi mpelelezi wa hadithi za Agatha Christie, 1961 hadi 1964, ambamo mumewe wa kweli, Stringer Davis, ndiye msaidizi wake mwoga mwoga. Wakiangaliana tu, unajua hawa wanalala nyumba moja. Oscar alipewa 1964, kwa filamu nyingine.

Kijana wa kibandani ana subira, anakufungulia kipande uone kabla hujalipa. Ila ya tatu sauti inachelewa nyuma ya midomo, na mtafsiri hamna. Ukichukua zote anapunguza. Nenda na flashi yako, za kwake hazidumu.